Simbamarara Anayeshuka Mlima

Tulikwenda kuposa kwa Wachina, Roseville, na mposaji mwenyewe tukamwacha ndani ya gari kwenye pakingi ya maduka makubwa, mwendo wa dakika saba kutoka pale. Msinicheke. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Kijana hajiombei mke kwa mdomo wake. Wanakwenda watu wazima, wanabisha hodi, wanatoa barua, wanazungumza kwa adabu na kwa kuzunguka, na yeye anangoja mbali, roho juu. Hata huku Minnesota, hata Januari, kwenye baridi ile ya kugandisha kope, mila ni mila. Ndivyo nilivyokuwa nasema asubuhi ile. Jioni yake sikusema tena.

Mposaji ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Yeye na binti walikutana chuoni, wakapendana kimyakimya miaka minne, mwisho binti akamwambia wazi: mimi nakutaka, lakini baba yangu akisema hapana, sitamvunja moyo, basi tena. Baba mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, aliyefundisha lugha huko kwao kabla ya kumfuata binti Marekani. Kwa hiyo Jumapili ile haikuwa ya mazoezi. Mzee akikubali, mdogo wangu ana mke. Akikataa, hana, na mimi nimjuaye nilijua hataposa tena popote.

Tangu Ijumaa sikutulia. Mimi kukaa kitako ni shida hata siku za kawaida. Asubuhi ile niliosha vyombo visafi, nikabadilisha kitenge mara tatu, nikamgombeza mdogo wangu kwa sababu ya viatu vyake, kisha kwa sababu ya nywele zake, mwisho kwa sababu anapumua kwa nguvu.

“Dada,” akasema, “mimi si nakaa kwenye gari tu? Nani ataviona viatu?”

Nikamwambia afunge mdomo wake.

Nilichokuwa naogopa ni historia yake. Alianza chuo mara mbili na hakumaliza hata mara moja. Uhandisi aliuacha mwaka wa kwanza. Akaanza uuguzi, akauacha katikati mama alipoanza kupooza, akarudi nyumbani Upare. Sasa alikuwa anatengeneza hita za majumbani, na mtihani wa leseni ya kazi hiyo kila mwaka anausogeza mbele. Kwenye sherehe za Watanzania mimi ndiye niliyekuwa namtania mbele za watu: huyu ukimpa ugali atakula nusu, nusu ataomba afungiwe. Watu wanacheka, na yeye anacheka. Mama alifariki mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata ule aliorudi. Mimi sikwenda. Niliwaambia watu karatasi zangu bado zimekwama ofisini, nikitoka Marekani sirudi, na hakuna aliyeniuliza zaidi, maana nusu yetu tulikuwa kwenye hali hiyohiyo.

Mshenga wetu alikuwa mzee mmoja wa Lakeville. Mzee kwa kipimo cha Minnesota: miaka hamsini na mbili, mvi za kuhesabika, mhandisi aliyekuja kusoma zamani akabaki. Ukiwa huna baba huku unaazima wa mwenzako. Yeye alikuwa amekwisha posea vijana wanne, wote Watanzania wenzetu, na wote walikubaliwa, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimemvimba. Ndiye aliyesema hatuendi kwa wakwe bila blanketi. Kwetu mzazi wa binti hupewa blanketi, na mimi sikuwa na ubishi hapo. Nikaenda soko la Wasomali kule Minneapolis, nikakuta yale mazito yenye manyoya, ya aina tatu: la mawaridi, la simba na la simbamarara. Nikampigia simu.

“Mawaridi ni ya maharusi,” akasema. “Simba ni wetu sisi. Wachina ni watu wa simbamarara, kila mtu anajua. Chukua huyo.”

Nikachukua huyo. Wala sikumwangalia vizuri. Nilimbeba kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, nikafurahi kwamba tumewafikiria watu kwa mila yao. Akili nyingi, eti.

Basi tukafika. Mdogo wangu alikuwa ametufuata nyuma na gari lake kutoka Burnsville, akakata kona kuingia pakingi ya maduka, akatupungia mkono. Nyumbani kwa binti tulivua viatu mlangoni, na mshenga wetu soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni. Nikaomba ardhi ipasuke. Mama wa binti akatuwekea chai na machungwa yaliyokwisha menywa, akakaa pembeni bila neno. Binti akakaa katikati kama mkalimani wa Kiingereza na Kichina, mikono magotini. Na baba akakaa mbele yetu akatutazama.

Jamani, nimetazamwa na maofisa wa uhamiaji, nimetazamwa na daktari mwenye habari mbaya, lakini vile sijawahi kutazamwa. Mtu mwembamba, sweta la kijivu, macho hayapepesi. Baadaye binti alinieleza kwamba kwao wana misemo ya maneno manne manne, mingi mno, na mmoja ni wa mtu anayekukodolea hivyo: anatazama kama simbamarara aliyeona windo. Siku ile sikuhitaji kuelezwa.

Mshenga akaanza. Akasalimu kwa niaba ya ukoo, akasifu nyumba, akasema tumeona ua zuri kwenye bustani hii tukavutiwa. Binti akatafsiri. Baba yake akatazama dirishani, nje kuna theluji mpaka kwenye mabega ya uzio, kisha akauliza jambo fupi.

“Baba anauliza, yeye yuko wapi?”

“Kijana yupo, hajambo, anawaamkia sana,” akasema mshenga.

Baba akarudia swali lilelile.

Mshenga akanitazama. Mimi nikatazama machungwa. Mwisho nikasema, “Yuko madukani.” Binti hakuitafsiri mara moja. Aliinamisha kichwa kwanza, na nilipomwona shingo imekuwa nyekundu, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tumeharibu. Kwetu kijana kutokuwepo ni heshima. Pale sebuleni ilikuwa ni mwanaume anayetaka binti wa watu huku yeye yuko kwenye hita ya gari anasikiliza redio.

Simu ilikuwa inatetemeka kwenye mkoba wangu. Yeye huyo. Nikaikandamiza kwa kiwiko. Mshenga, ili kuokoa mambo, akasema, “Tumeleta zawadi kidogo.”

Baba akafungua zipu. Akalitandaza blanketi lile sakafuni, likajaza sebule nzima kutoka kochi hadi kochi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mnyama niliyemnunua.

Alikuwa mkubwa kuliko mimi. Mwili wa rangi ya chungwa, unaofifia ubavuni na kuwa mweupe kabisa tumboni. Michirizi myeusi imemshika mgongo mzima, mingine minene, mingine inachongoka inavyoshuka, na ya upande huu haikufanana na ya upande ule. Masharubu meupe, marefu. Masikio madogo ya duara, na nyuma ya sikio moja lililogeuka kuna doa jeupe kama jicho jingine. Macho ya njano. Mdomo wazi, ulimi nje, meno manne marefu. Miguu ya mbele imetangulia chini kwenye jiwe, ya nyuma bado iko juu, na mkia umenyanyuka hewani. Nikasema moyoni, loo, mnyama mzuri, angalau hapo tumepatia.

Mzee akapiga magoti kando ya kile kichwa. Mwalimu hastaafu, palepale akawa darasani. Akatuonyesha kwa kidole michirizi ya kipaji cha uso: mitatu imelala, mmoja umesimama katikati. Akaomba kalamu, akaichora kwenye bahasha ya barua yetu ya posa, ambayo hata hakuwa ameifungua. Binti akasema, “Hilo ni neno mfalme. Kwetu tunasema huyu amezaliwa limeandikwa usoni.” Simba, akaendelea, alikuja kwao kutoka mbali, kwenye picha na sanamu za mawe. Mfalme wa milima yao ni huyu. Watoto wachanga hushonewa kofia na viatu vyenye sura yake ili mabaya yasiwaguse. Hata mzee mwenyewe alizaliwa kwenye mwaka wa simbamarara, maana kwao kila mwaka una mnyama wake.

Mshenga wetu akanikonyeza: unaona? Nikapumua.

Kisha mzee akaweka kiganja chake kwenye ile miguu ya mbele, akasema neno, na binti akamtazama mama yake badala ya kutafsiri. Mimi nikamwambia, “Sema tu, mwanangu, usitufiche.”

“Anasema simbamarara wa kutundika nyumbani awe anapanda mlima. Anayepanda ameshiba, anarudi kulala. Huyu wenu anashuka. Anayeshuka ana njaa. Anakuja kuchukua mtu.”

Tumekwisha, nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti. Mshenga akaanza kueleza kwamba blanketi ukiligeuza upande wa pili, jamani, simbamarara anaonekana anaelekea kulia badala ya kushoto. Nikamkanyaga kidole kile kilichotokeza kwenye soksi.

Mzee hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alirudi kwenye kiti chake, akasimulia kisa kama anavyowasimulia wanafunzi. Mbweha alikamatwa na simbamarara. Akamwambia, usinile, mimi ni mkubwa wa wanyama wote, kama huamini nifuate nyuma uone. Wakatembea, mbweha mbele, simbamarara nyuma, na kila mnyama aliyewaona akatoka mbio. Simbamarara akaamini wanamkimbia mbweha. Kwa maneno manne wanasema: mbweha ameazima ukali wa simbamarara. Binti alitafsiri mpaka mwisho, sauti inapungua, kisha mzee akatuelekeza kidole, mimi na mshenga, kwa upole kabisa.

“Anasema nyie ni watu wa heshima, anawaona. Lakini huyo aliyejificha nyuma yenu, yeye mwenyewe ni nani?”

Nilisimama. Nikaomba ruhusa, nikamvuta mshenga hadi kwenye korido kati ya makoti.

“Tumwite aje,” nikasema.

“Haiwezekani. Mposaji hakanyagi kwa wakwe kabla ya majibu. Nitaweka wapi uso wangu?”

“Uso wako uweke kwenye soksi yako! Mzee, huyu mtu anatukatalia. Huoni?”

“Wewe mama, tulia. Wakwe wote huringa kwanza. Ngoja nirudi na maneno mengine.”

“Maneno ndiyo yanayotumaliza!”

Nilipiga simu huku yeye bado ananinong’onezea mila. Mdogo wangu alipokea kabla haijalia mara ya pili. “Vipi?” akauliza. Nikamwambia aje. Nikasikia anazima redio. “Si ulisema nisije?” Nikamwambia nilichosema asubuhi nimekimeza, aje sasa hivi, alivyo. Akasema, “Dada, nimevaa koti la kazini.” Nikakata simu, maana ningelia.

Dakika saba ziligeuka ishirini na tano. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka upya, ile nyepesi ya kuficha barafu. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikala machungwa matano bila kusikia ladha. Nikaanza kumwona akilini ameingia barabara kuu namba thelathini na tano anarudi Burnsville. Ameacha chuo, ataacha na hili. Nilimlaani mimi mwenyewe, dada yake, kabla hajafika. Nikamwuliza binti kama kuna msemo wa watu walio kama sisi, wameanza jambo hawawezi kulimaliza wala kuliacha. Akatabasamu mara ya kwanza siku ile. “Amempanda simbamarara,” akasema, “na kushuka haiwezekani.” Nikamwambia ahsante sana, huyo ndiye mimi.

Akaja. Alikuwa ameliacha gari mtaa wa nyuma lilipoteleza, akamalizia kwa miguu, theluji kwenye nywele na kwenye nyusi. Alivua viatu. Alipomwona mzee, Kiingereza chote kikamtoka, akainama akasema, “Shikamoo.” Na binti, bila kufikiri, akaitikia kwa niaba ya baba yake, “Marahaba.” Mama wa binti akacheka kwa mkono mdomoni. Mzee hakucheka.

Alimtazama juu mpaka chini, yule kijana mrefu, mwembamba, amesimama pembeni mwa blanketi kwa sababu hakutaka kumkanyaga mnyama. Akauliza polepole, na maneno mengine nikayashika hata kabla ya tafsiri, kwa jinsi binti alivyofumba macho.

“Baba anasema, kuna watu tunawaita kichwa cha simbamarara, mkia wa nyoka. Wanaanza kwa kishindo, wanaishia kuwa wembamba, hawaonekani. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba chuo ulianza mara mbili. Sikuweza kumdanganya.” Akameza mate. “Anataka kujua, ni kitu gani umewahi kukifikisha mwisho?”

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nikaona anatafuta. Akatazama sakafu, akatikisa kichwa kidogo, akasema kwa Kiingereza, taratibu, “Sijui, baba.” Na wala hakujitetea. Hasira iliyonipanda hapo ilikuwa ya kumchapa. Sema kitu, nikataka kumwambia. Uongo, chochote.

Mzee akanigeukia mimi. “Wewe ndiye mkubwa wake,” binti akatafsiri. “Anakuuliza wewe.”

Niliwaza kusema hita: kuna nyumba ngapi za Burnsville zinazopata joto kwa mikono yake. Niliwaza kusema ana moyo mzuri. Nikamwona mshenga anakohoa, anajiandaa na lile ua kwenye bustani. Nikasema haraka kabla hajaanza.

“Alimuuguza mama yetu.”

Binti akatafsiri.

“Miezi kumi na moja. Chuo hakukiacha kwa uvivu, alikiacha akaenda. Mama alipooza kidogokidogo, mguu, mkono, mwisho ulimi. Alimwogesha. Alimlisha kwa kijiko. Alimgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, na mgongo wa mama haukupata hata kidonda kimoja, shangazi ndiye aliyeniambia. Alimfumba macho mwenyewe. Akamzika. Ndiyo akarudi.”

Mshenga alikuwa anaitikia kwa kichwa, na akaona anisaidie. “Ni kweli,” akamwambia mzee. “Huyu dada yake hakuweza kwenda, karatasi zilikuwa hazijatoka. Kijana alibeba peke yake.”

Ningeweza kumwachia hapo. Ilitosha. Lakini yule mzee alikuwa bado ananitazama kwa macho yale yasiyopepesa, na mdogo wangu amesimama pale na maji ya theluji yanamchuruzika shingoni, mtu niliyemtania miaka yote kwamba hamalizi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

“Zilikuwa zimetoka,” nikasema. “Karatasi nilikuwa nazo. Na tiketi nilinunua. Niliogopa kumwona mama vile, sikwenda. Yeye alimaliza. Mimi ndiye sikumaliza.”

Binti alitafsiri lote, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa mtoto wa mwalimu. Sikumwangalia mdogo wangu. Mshenga aliacha kukohoa. Mzee akainama, akaikunja pembe ya blanketi ili kupata nafasi, akasogeza kiti karibu na chake, akamwashiria mdogo wangu kwa kiganja: kaa hapa. Akamwambia mkewe jambo, na mama yule akainuka kwenda jikoni akiwa anafuta macho. Binti alikuwa analia waziwazi. “Anasema tule,” akasema. “Anasema mkae, tule, halafu azungumze naye tarehe ya harusi.”

Tulikula. Mshenga alipata uso wake wote, akasimulia mpaka jasho likamtoka. Nilicheka palipotakiwa kucheka. Lile blanketi walilitandika kwenye kochi, mama wa binti akajifunika magotini, kwa hiyo hata huyo anayeshuka walimpokea.

Nilirudi na gari la mdogo wangu, kwa kuwa mshenga alikuwa anakwenda moja kwa moja Lakeville. Mdogo wangu aliendesha polepole, mikono miwili kwenye usukani. Nilimpongeza, akasema ahsante dada. Nikasema binti ni mzuri, akasema ndiyo. Nikawasha redio, nikaizima. Nikazungumza juu ya ukumbi, juu ya nani atapika pilau, juu ya mavazi. Tulikuwa tumekwisha vuka mto, tunakaribia njia ya kutokea Burnsville, aliponiuliza.

“Tiketi ilikuwa ya lini?”

“Mwezi wa sita.”

Aliwasha taa ya kukata kona. Akangoja magari mawili yapite.

“Mwezi wa sita mama alikuwa bado anaongea,” akasema.